Shilingi ya Waziri na boma la zahanati

Mwenyekiti wa kijiji alinipigia simu saa mbili usiku, Bunge la bajeti likiwa katikati. "Katibu, tumemsikiliza Mheshimiwa redioni. Mbona kijiji chetu hakukitaja?" Nikamweleza kwamba muda wake wote ameutumia kwenye maji, na kijiji chao ni kimojawapo cha vile alivyokuwa anavisemea. Haikumtosha. Alitaka jina.

Nimekuwa katibu wa mbunge wa jimbo la vijijini, Tanzania, tangu mwishoni mwa 2015. Kazi yangu ni kusikiliza malalamiko, kuyaandika yawe maswali na michango ya Bungeni, halafu kurudi jimboni kueleza kwa nini hayajajibiwa. Mwanzoni nilidhani mwenyekiti yule na wenzake wako sahihi. Mchango wa kwanza wa bajeti niliomwandikia Mheshimiwa ulikuwa na vijiji kumi na vinane visivyo na maji, vimepangwa kata kwa kata. Alivisoma kwa pumzi moja, makofi yakapigwa, kengele ikalia. Waziri alipohitimisha hoja, vijiji vyote kumi na vinane vilijibiwa kwa sentensi moja: Serikali inaitambua changamoto hiyo na itaendelea kuitatua kadiri fedha zitakapopatikana. Jimboni walishangilia kwa sababu wametajwa. Mwaka uliofuata, kijiji kilichopata bomba jipya hakikuwepo.

Kosa lilikuwa langu. Ukimuuliza mtu mambo kumi na manane kwa mkupuo, umempa ruhusa ya kutojibu hata moja.

Jambo ambalo wapiga kura wengi hawaambiwi, na wagombea wana sababu zao za kutolisema, ni kwamba mbunge hana fedha ya kugawa. Upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2009, lakini huo ni wa mifuko ya saruji na mabati, si wa barabara ya kilomita arobaini. Bungeni nako hawezi kusimama akasema bajeti ya maji iongezwe bilioni mbili kwa ajili ya wilaya yake. Ibara ya 99 ya Katiba inazuia Bunge kushughulikia jambo la kutoza kodi au la kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa Rais awe amelipendekeza na Waziri awe amelileta. Mbunge anaweza kuisema bajeti, kuikosoa, hata kuomba ipunguzwe. Kuiongeza hawezi.

Sasa hapo ndipo ilipo asili ya ile shilingi ambayo watu huicheka wakiisikia.

Baada ya mjadala wa wizara kwisha, Bunge zima hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia bajeti fungu kwa fungu. Spika hapo anaitwa Mwenyekiti, na wageni wa kazi hii hujikwaa kwa kusema "Mheshimiwa Spika" mpaka wasahihishwe na jirani. Wakifika kwenye kifungu chenye mshahara wa Waziri, mbunge anaruhusiwa kudai ufafanuzi wa jambo la kisera, na asiporidhika anatoa hoja kwamba shilingi moja iondolewe kwenye mshahara huo. Ndiyo kushika shilingi. Kwa kuwa njia pekee aliyoachiwa ni ya kupunguza, anapunguza kiasi kidogo kuliko vyote vinavyoweza kupunguzwa. Hakuna anayetaka Waziri apungukiwe shilingi. Kinachotakiwa ni asimame ajibu jambo moja, lile lile, na asipate nafasi ya kulizungukia.

Hoja ya shilingi ikiungwa mkono, wenzake husimama kuichangia. Hapo utaona jambo la kuvutia: mbunge wa Kanda ya Ziwa anamtetea mwenzake wa Kusini kwa sababu na yeye ana stakabadhi za mazao ambazo hazijalipwa. Waziri anajibu, Mwenyekiti anamuuliza mwenye hoja kama anairudisha shilingi. Mara nyingi sana hurudishwa. Isiporudishwa wanapiga kura, na ikifika huko hushindwa.

Nimewahi kuulizwa kijiweni kwa nini wanairudisha kila siku, kama ni waoga. Jibu liko kwenye Katiba hiyo hiyo. Bunge likiikataa bajeti ya Serikali, Ibara ya 90 inampa Rais mamlaka ya kulivunja. Na mbunge akipoteza uanachama wa chama chake, Ibara ya 71 inamwondoa kwenye kiti. Kwa hiyo mwenye shilingi mkononi anajua anaweza kuishika kwa robo saa. Hawezi kwenda nayo nyumbani. Ustadi ni kuirudisha kwa bei. Mheshimiwa wetu alipoishika mara ya kwanza aliirudisha baada ya Waziri kusema "tutalifanyia kazi". Niliumia sana jukwaani kwa wageni, maana karatasi niliyompa ilikuwa na mstari wa mwisho ulioandikwa kwa herufi kubwa: USIRUDISHE BILA MWEZI NA MWAKA. Mara ya pili aliukumbuka.

Uwanja wa mbunge wa vijijini, kwa maoni yangu, ni asubuhi saa tatu, kipindi cha maswali, ingawa magazeti hupenda mijadala ya jioni. Swali la msingi hupelekwa kwa maandishi mapema, Serikali inaandaa jibu, na kwa kawaida Naibu Waziri ndiye anayelisoma. Swali zuri huanza kwa maneno matatu tu, "Je, ni lini". Ukiuliza "Je, Serikali haioni umuhimu wa kujenga zahanati", jibu litakuwa inaona. Na kweli inaona.

Kisha mwuliza anapewa maswali mawili ya nyongeza. Kwa mila ya ukumbi huanza kwa kusema "pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri", hata kama hakuna zuri lililosemwa. Nyongeza ndiyo panga lenyewe, kwa sababu haikuandikwa mapema, na anayejibu anasimama na alichonacho kichwani. Mimi huandika nyongeza kabla ya swali la msingi. Naanzia jibu ninalolitarajia, nalitafutia tundu, halafu narudi nyuma kutunga swali litakalonifikisha kwenye tundu hilo.

Na majibu yana lugha yake. "Upembuzi yakinifu na usanifu wa kina unaendelea" maana yake barabara haijengwi mwaka huu, pengine na ujao. Lakini ni hatua ya kweli, ina mhandisi mshauri na ina fedha, kwa hiyo nyongeza iwe utakamilika lini. "Kadiri fedha zitakapopatikana" maana yake haimo kwenye bajeti. "Imetengewa fedha" ni nzuri, ila iulizwe kama zimetoka, kwa sababu fedha iliyotengwa na fedha iliyopokelewa na halmashauri ni ndugu wasiofanana. "Baada ya Bunge hili nitaambatana na Mheshimiwa Mbunge kwenda kuona" ni jibu linaloonekana la kukwepa, na watu hulidharau. Mimi nalipenda. Naibu Waziri akifika kwenye boma lisilo na bati, nalo likiwa nyuma ya kina mama waliosimama, kuna mambo husemwa pale ambayo yasingesemwa Dodoma.

Lakini kabla ya yote hayo kuna kazi ambayo haina makofi: kujua mlango wa kubisha. Mwananchi analalamikia barabara. Ipi? Ya mkoa ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, chini ya wizara ya ujenzi. Ya kwenda kijijini ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza mwaka 2017, nayo iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Maji ya kijijini tangu 2019 ni ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, ilhali mji mdogo wa wilaya hiyo hiyo unaweza kuwa na mamlaka yake. Ukibisha mlango usio wako utajibiwa kwa adabu, utaonyeshwa mlango mwingine, na nafasi yako ya swali imekwenda.

Umeme ndio mfano ninaoupenda, maana unaonyesha kwamba kusema kwa usahihi hubadilisha hata hesabu ya Serikali. Kwa miaka mingi majibu kuhusu umeme vijijini yalihesabiwa kwa vijiji. Tanzania Bara ina vijiji 12,318, na kila mwaka tuliambiwa vimebaki vichache. Lakini nguzo zikipita barabara kuu na kuwasha ofisi ya kijiji, shule na nyumba za jirani, kijiji kimehesabiwa, na vitongoji vinne vya bondeni bado viko gizani. Wabunge wa vijijini walichoka kusikia "kijiji hicho tayari kina umeme". Wakaacha kuuliza vijiji, wakaanza kuuliza vitongoji, kimoja kimoja, kwa majina, kikao baada ya kikao. Leo hata Serikali yenyewe inaposoma bajeti ya nishati inahesabu vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Sisemi ni maswali peke yake yaliyofanya hivyo. Ila hesabu ikibadilika, anayebaki nje anaonekana.

Kuna siku usahihi hausaidii, na nitakuwa mwongo nikiacha kulisema. Juni 2018, katika Muswada wa Sheria ya Fedha, Serikali ilileta pendekezo kwamba ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje uende wote Mfuko Mkuu wa Hazina. Kabla ya hapo asilimia 65 ilirudi kuendeleza zao lenyewe. Wabunge wa Mtwara na Lindi, wa chama tawala na wa upinzani, walisimama pamoja kulipinga. Hawakuwa wanapiga kelele tu. Walikuwa na sheria mkononi, hesabu, na hoja ambayo mkulima yeyote wa Newala anaielewa: bila salfa ya kupulizia, ugonjwa wa ubwiri unga unakula maua, na mkorosho usio na maua hauna ushuru wa kugombania. Pendekezo likapita. Miezi michache baadaye wanunuzi na wakulima wakavutana bei minadani, na Novemba Serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Ukitaka kujua kusini walionya nini, yote yamo kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, neno kwa neno.

Kuhusu salamu. Watu wa mitandaoni hukasirika mbunge akitumia dakika mbili kati ya tano kumshukuru Mwenyezi Mungu, Rais, Waziri, Naibu wake, Katibu Mkuu na familia. Mimi pia nilikasirika. Siku hizi sikasiriki sana. Kwa mbunge wa chama tawala, shukrani ni tiketi ya kulalamika: anayeanza na "naunga mkono hoja" anaweza baada ya hapo kusema maneno makali na asiitwe msaliti. Sekunde thelathini zinatosha kwa tiketi hiyo, lakini. Zinazobaki ni uvivu. Na wale wasiopata nafasi ya kusimama huandika mchango kwa maandishi, nao huingia kwenye Taarifa Rasmi. Wananchi hawausikii redioni, kwa hiyo wabunge hawaupendi. Wataalamu wa wizara wanausoma, kwa hiyo mimi naupenda.

Kusikika redioni kwenyewe kuna historia yake. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja. Ukumbi ukachafuka siku ile mpaka askari wakaingia. Muda mrefu baada ya hapo, mtu wa kijijini alimjua mbunge wake kwa dondoo za usiku tu. Ndiyo maana simwoni mwenyekiti yule kuwa mjinga kwa kutaka jina. Lilikuwa ndilo ushahidi pekee alioweza kuushika.

Basi tukampa ushahidi mwingine. Kijiji chake kina boma la zahanati. Wananchi walichanga mawe na mchanga, wakalipandisha mpaka kwenye renta, ile zege ya juu ya milango na madirisha, likakaa hapo na kuota majani. Tuliuliza swali moja, la boma moja, ni lini. Jibu la msingi lilikuwa la kadiri fedha zitakapopatikana. Nyongeza ikauliza kama Naibu Waziri anafahamu kwamba tathmini ya mhandisi wa halmashauri imeshapelekwa, na ikataja tarehe ya barua. Naibu Waziri akasema, kama ndivyo, boma litaingizwa kwenye mwaka wa fedha unaofuata. Sekunde kama kumi hivi za maneno.

Nilichapisha ukurasa ule wa Taarifa Rasmi, nikaupeleka kwa mtendaji wa kata, naye akaupeleka kijijini. Fedha zilikuja, si mwaka huo, mwaka wa pili yake, baada ya mwenyekiti kwenda halmashauri mara tatu akiwa na ile karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Mkurugenzi alipomwambia asubiri bajeti, aliitoa akamwonyesha tarehe.

Wiki iliyopita kanipigia tena. Zahanati imeezekwa, milango iko, mganga hayupo. "Katibu," akaniambia, "hii ya mganga tunauliza wizara ipi?"