Himoglobini moja haina ugonjwa

Kila nikirudi Lamu, iwe harusini au msibani, hakosi mama mmoja wa kunifunulia goti. "Wewe si daktari? Hebu niangalilie hili." Nikimwambia udaktari wangu si wa magoti, kwamba mimi nachunguza umbo la protini, hunitazama kwa huruma, kama mtu aliyesomeshwa kwa gharama kubwa akapotea njia. Basi leo naeleza kwa maandishi, maana hapa hakuna wa kunikatiza.

Protini yangu ni moja tu, himoglobini, ile inayoifanya damu iwe nyekundu na kubeba oksijeni kutoka mapafuni. (Pweza hana hii. Protini yake imeshika shaba badala ya chuma, ndiyo maana damu yake ikishika oksijeni huwa ya buluu.) Imeundwa kwa minyororo minne: miwili ya alfa, kila mmoja una asidi amino 141, ndizo pingili zake, na miwili ya beta yenye 146 kila mmoja. Minyororo hiyo imejikunja na kukumbatiana. Walimu wengi huifananisha protini na mashine, na mimi mfano huo siupendi, maana mashine ina skrubu. Mfano wangu ni mtepe wa wazee wetu, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Mshono mmoja ukiuvuta peke yake utakatika, lakini mamia yake yameshika mbao, na wimbi likipiga, chombo kinakubali kupinda. Himoglobini nayo imeshikwa na vifungo vidogo vidogo, na kazi yake yote imo katika kupinda huko. Ikiwa na oksijeni inakaa hivi, ikiiachia inakaa vingine.

Mwaka 1938 Felix Haurowitz aliona fuwele za himoglobini ya farasi zikivunjika na kubadilika umbo mara tu hewa ilipozifikia. Max Perutz alizipitisha fuwele kama hizo kwenye eksirei ili asome umbo la protini, kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuchapisha umbo la kwanza mwaka 1960, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1962 pamoja na John Kendrew. Yeye pia alitumia damu ya farasi. Kwetu angepata punda wa kumtosha.

Mimi kipande changu cha subira kiliisha vibaya. Fuwele zangu za kwanza nilizilea wiki sita kwenye chumba cha baridi, zikatoka nzuri, zimenyooka, zinang'aa. Nikapiga simu nyumbani. Tulipozipitisha kwenye eksirei tukakuta ni chumvi. Mjomba wangu mpaka leo hueleza watu kwamba nilivuka bahari kwenda Ulaya kutengeneza chumvi.

Nilikokuwa nakwenda nilikujua tangu utotoni, kwa sababu ya binti wa shangazi yangu. Tulilala chumba kimoja. Usiku mwingine maumivu yakimshika mifupani alikuwa akiuma kanga asituamshe. Ana selimundu, ugonjwa unaotufahamu sana watu wa Pwani. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa jamii mbalimbali nchini mwaka 1949, akakuta alama ya ugonjwa huu ni nyingi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na chache nyanda za juu. Mwaka 1954 akaonyesha sababu: aliyerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria kali. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Kosa lenyewe ni dogo mno. Vernon Ingram alilibaini mwaka 1957: katika mnyororo wa beta, nafasi ya 6, palipopaswa kukaa glutamati, inayopenda maji, pamekaa valini, inayoyakimbia. Asidi amino mbili kati ya 574, basi. Hapa ndipo wanafunzi wangu hujikwaa. Wanaipiga picha himoglobini hiyo ikiwa peke yake, wanailinganisha na ya mtu mzima wa afya, wanatafuta kilichoharibika, hawakioni. Zinafanana kama pacha. Himoglobini moja ya selimundu haina ugonjwa. Ugonjwa uko kwenye ujirani: ikiachia oksijeni na kubadili mkao, hufunguka kijishimo ambacho valini ya jirani inakaa humo sawasawa. Jirani naye anamshika wa pili. Zinajipanga nyuzi 14, zikajisokota kuwa kamba ngumu, na kamba zikijaa ndani ya chembe ya damu, chembe inapindwa kama mundu na kukwama mshipani.

Lakini kamba haisokotwi papo hapo. Kuna muda wa kusubiri kwanza, na muda huo ndio uliokula miaka yangu. Mwaka 1974 William Eaton, James Hofrichter na mwenzao waligundua kwamba unategemea wingi wa himoglobini kwenye maji kwa kipeo cha karibu 30. Fanya hesabu: punguza ukolezi kwa asilimia 10 tu, na muda wa kusubiri unarefuka zaidi ya mara 20.

Wanaokwenda Faza, kisiwani Pate, kwa chombo wataelewa haraka. Utotoni mwangu mlango wa bahari wa Mkanda ulipitwa maji yakiwa yamejaa. Ukiwahi, unapita, maji yakikukimbia katikati, unakaa juu ya tope. Chembe ya damu nayo ina sekunde chache za kuupita mshipa mwembamba na kurudi mapafuni kuchukua oksijeni. Kamba ikichelewa kusokotwa, chembe imeshapita. Bibi yetu hakujua kipeo wala valini, lakini joto la kaskazi likikaza alikuwa hamwachi yule binti: "Nwa mai, mwanangu, nwa mai."

Siku hizi vijana huniuliza nimebakiwa na kazi gani, ilhali kompyuta inabashiri umbo la protini, na wenye AlphaFold, programu ya ubashiri huo, wamepata Nobel ya mwaka 2024. Naitumia kila wiki, na nikikumbuka ile chumvi naishukuru. Ila inanipa picha, nami nahitaji sekunde. Hata dawa iliyoingia vizuri kwenye umbo haina uhakika. Voxelotor ilisanifiwa kuishika himoglobini isiachie oksijeni. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, ikapandisha damu kweli, kisha Septemba 2024 ikaondolewa duniani kote kwa hofu ya maumivu kuzidi na vifo. Siku ile sikufanya kazi.

Haidroksiyurea, dawa ya zamani isiyo na mbwembwe, bado ipo. Huongeza himoglobini ya utotoni, ile tuliyokuwa nayo tumboni, ambayo haikubali kusokotwa kamba na zile nyingine. Ndiyo inayowalinda watoto wachanga wenye selimundu miezi ya mwanzo. Mwezi huu tunachanganya himoglobini hiyo na ya selimundu kwa viwango tofauti, tunaondoa oksijeni, tunapima muda.

Binti wa shangazi anaitumia dawa hiyo. Ana wanawe sasa, na akinipigia simu jioni hasubiri salamu zikamilike.

"Haya, leo sekunde ngapi?"