Sauti ya pepo haikuwa ya binti yule
Wengi waliotazama filamu ya kutisha The Exorcist (1973) huamini kwamba ile sauti nzito ya pepo ni ya Linda Blair, binti aliyeigiza msichana aliyepagawa na pepo, ikakorogwa kwa mitambo. Sivyo. Blair aliigiza kwa uso na mwili. Sauti inayotisha ni ya Mercedes McCambridge, Mmarekani aliyezaliwa Illinois mwaka 1916 na kukomaa katika michezo ya redio, kisha akatwaa Oscar kwa filamu yake ya kwanza. Orson Welles, mwigizaji na mwongozaji mashuhuri wa filamu, alimsifu kuwa mwigizaji bora wa redio aliye hai. Ili koo likwaruze kwa sauti ya pepo, McCambridge alimeza mayai mabichi, akavuta sigara, akanywa wiski. Ajabu ni kwamba mwanzoni jina lake halikuandikwa kwenye orodha ya waigizaji wa filamu hiyo. Alilalamika hadharani, likaongezwa.