Je, wajua kwa nini askari aliyefundishwa kuua bado husita kufyatua risasi?

Kuruta anaweza kushinda kutwa nzima akipiga shabaha ya karatasi bila kukosa, lakini siku anapomlenga mtu hai, kidole kinagoma. Wengi huita hali hiyo woga. Woga upo kweli, ila mara nyingi kinachomshika ni kwamba amemwona adui kuwa mtu kama yeye.

Kadiri anavyoona vizuri ndivyo uzito unavyoongezeka. Mpiga mzinga hupewa vipimo vya ramani na hafikii kuona uso wa anayempiga. Mwenye bunduki, mita 200 hivi, huona umbo likikimbia. Mwenye singe, kisu kinachofungwa mbele ya bunduki, husikia pumzi. Anayeongoza ndege isiyo na rubani naye, ingawa yuko maelfu ya kilomita mbali, huenda amemtazama mlengwa kwa kamera siku kadhaa, akiwa na familia yake, kabla ya kombora kurushwa. Umbali huo haumkingi.

Baada ya mapigano ya Gettysburg, Marekani, Julai 1863, ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000. Nyingi zilikuwa bado zimeshindiliwa, na maelfu zilikuwa na risasi mbili au zaidi ndani ya mtutu mmoja. Bunduki hizo zilijazwa kwa mdomo wa mtutu: unachana karatasi, unamimina baruti, unatia risasi, unashindilia kwa fimbo, unaweka fataki ya kuwashia baruti, ndipo unafyatua. Je, walioshindilia tena bila kufyatua walichanganywa na moshi na kelele, au wengine walijifanya wanapigana? Wanahistoria bado wanabishana, na bunduki peke yake haiwezi kutoa jibu.

Mwaka 1947 mwandishi wa kijeshi wa Marekani, S.L.A. Marshall, alidai kwamba katika Vita vya Pili vya Dunia ni askari 15 hadi 25 tu kati ya 100 waliofyatua risasi. Hesabu zake zimekosolewa vikali kwa kukosa kumbukumbu za kuzithibitisha. Hata hivyo, mafunzo yalibadilika. Katika miaka ya 1950 jeshi la Marekani lilianza kuacha shabaha za duara na kutumia zenye umbo la mtu, zinazoibuka ghafla kwa sekunde chache na kuanguka zikipigwa. Zoezi hurudiwa mpaka mkono utangulie fikra. Juu ya hapo kuna kamanda aliye karibu, na kuna wenzake: vijana wengi huona afadhali waue kuliko kuwaangusha wa kikosi chao.

Tatizo ni kwamba mkono uliozoea kutangulia hautambui kama aliyeibuka ni raia au mtu anayejisalimisha. Kwa hiyo mafunzo ya kusita inapopasa ni muhimu sawa na ya kupiga. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ya sheria za vita, inakataza kumshambulia aliyejisalimisha, aliyekwisha kamatwa, au majeruhi asiyeweza tena kupigana, mradi hafanyi uadui wala hajaribu kutoroka. Amri ya kumpiga risasi mateka ni haramu, na kuitii ni kosa la mtii pia.

Dhamiri iliyonyamazishwa kwa mazoezi huweza kuamka miezi au miaka baadaye. Jonathan Shay, daktari wa akili aliyewatibu askari wa Marekani waliopigana Vietnam, alisaidia kuieneza dhana ya jeraha la dhamiri. Kinachomtesa mwenye jeraha hilo zaidi ni aibu na hatia: anajitenga, analewa, anakataa kupendwa, au anajitafutia hatari kana kwamba anajiadhibu. Jamaa hukosea wanapomkatiza haraka kwa “ulitimiza wajibu wako tu”, au wanapomuuliza aliua wangapi. Kauli ya kwanza inamfungia mdomo, na ya pili inamgeuza tamasha. Anahitaji msikilizaji atakayevumilia kusikia yote bila kumhukumu wala kumsafisha upesi. Akizungumzia kujiua, apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo, na silaha iondolewe karibu naye.