"Daraja la kijeshi" si cheti cha jeshi

Kila mara hurudi kwenye magrupu: eti simu, kava au kompyuta yenye maandishi "MIL-STD-810" imekaguliwa na jeshi la Marekani, kwa hiyo haivunjiki.

Si kweli. MIL-STD-810 ni hati ya Marekani, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1962, inayoeleza namna ya kupima kifaa kwa joto, vumbi, mtetemo au kuanguka. Haitoi cheti. Mtengenezaji hujipimia au hulipa maabara, tena huchagua vipimo. Kile cha kuangusha, kwa mfano, ni mara 26 kutoka sentimita 122, lakini toleo la G liliruhusu kuzigawa kwa vifaa hadi vitano. Simu moja basi huenda ilianguka mara tano au sita tu.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu hati yenyewe ipo kweli, na jina lake ni la kijeshi. Hata maafisa ununuzi huteleza hapo. Mwombe muuzaji ripoti: toleo gani, vipimo vipi, vifaa vingapi, nani alipima? Hati nayo husomwa bure mtandaoni.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.