Mvua isiyo na tone: dhana potofu kuhusu mchoro wa Caillebotte

"Mtaa wa Paris, Siku ya Mvua" ni kazi ya mchoraji Mfaransa Gustave Caillebotte ya mwaka 1877, rangi za mafuta kwenye turubai la sentimita 212 kwa 276. Leo mchoro huu uko Art Institute of Chicago, jumba la makumbusho ya sanaa Marekani. Umezoeleka sana machoni, na mengi yanayosemwa juu yake hurudiwa bila mtu kuutazama vizuri.

Dhana: Ni kama picha ya kamera, wapita njia wamenaswa ghafla.

Ukweli: Kila kitu pale kimepimwa. Caillebotte alianza na penseli: mistari ya majengo kwa rula, watu mmoja mmoja pembeni, kisha mchoro mdogo wa rangi (upo jumba la makumbusho la Musée Marmottan, Paris) kabla ya kugusa turubai kubwa. Itazame nguzo ya taa ya kijani, inavyoligawa turubai karibu nusu kwa nusu. Mstari wa upeo, yaani kimo cha jicho la mtazamaji, nao unapita usawa wa macho ya watu. Kwa hiyo vichwa vya walio karibu na vya walio mbali viko karibu kimo kimoja. Kinachopanda ni miguu ya walio mbali. Wanaonakili mchoro huu hukosea hapo hapo. Hushusha vichwa vya walio nyuma kwa kuwa watu wale ni wadogo, na mara wanaonekana wamesimama shimoni.

Dhana: Mvua imechorwa ikinyesha.

Ukweli: Hakuna mchirizi hata mmoja. Mvua unaijua kwa miavuli na kwa mawe ya barabarani: kila jiwe lina uso unaong'aa, na kati ya jiwe na jiwe kuna ufa wa giza. Vivuli ni hafifu, havina kingo kali, kwa sababu mwanga unapita kwenye mawingu. Ukiongeza michirizi unaua mng'ao huo wa mawe, ambao ndio uzuri wenyewe.

Wapo pia wanaoisifu anga yake kwa unjano wa huzuni. Unjano ule ulikuwa vanishi, tabaka la kulinda rangi, iliyozeeka. Ilipoondolewa, usafishaji uliokamilika 2014, anga ilirudi na ubuluu wake na mwanga unaobadilika.

Wala si Paris ya kale. Ni njia panda ya leo Place de Dublin, karibu na stesheni ya Saint-Lazare, mtaa uliokuwa mpya kabisa. Caillebotte, aliyezaliwa 1848, aliukuta ukijengwa.

Dhana: Alikuwa tajiri aliyechora kujifurahisha.

Ukweli: Tajiri, ndiyo. Lakini alisoma kwa mchoraji Léon Bonnat, akaingia chuo cha sanaa cha École des Beaux-Arts mwaka 1873, na 1875 Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, ikamkatalia mchoro wa mafundi wanaokwangua sakafu. Fedha zake zilisaidia kuendesha maonyesho ya Waimpreshonisti, kundi la wachoraji wa mtindo mpya wa wakati ule, na kununua kazi za Monet, Pissarro na Renoir wakati wanunuzi walikuwa wachache. Alifariki 1894 akiwa na miaka 45, akaiachia serikali ya Ufaransa mkusanyo huo. Ilikubali kazi takriban 40 tu. Zake mwenyewe hakuziweka kwenye wosia. Hakuhitaji kuziuza ili aishi, basi nyingi zilibaki ndani ya familia, na jina lake likafifia kwa miongo mingi. Mtaa huu wa mvua ulinunuliwa na Art Institute of Chicago mwaka 1964.