Baiskeli na waenda kwa miguu katika njia moja: kinachokosekana ni sekunde

Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida huenda kilomita 5 kwa saa. Baiskeli ya mtu asiye na haraka huenda 15, ya anayewahi kazini hufika 20 hadi 25, na ikishika mteremko hupita 30 hata mwenyewe asipokanyaga pedali. Wakusanye wote kwenye ukanda wa lami wenye upana wa mita 3, na malalamiko yatakuwa yale yale popote utakapokwenda. Waenda kwa miguu watasema baiskeli zinawapita ubavuni kama mshale. Waendesha baiskeli watasema watu wametanda njia nzima na kengele hawaisikii.

Pande zote mbili zinasema kweli. Mara nyingi kinachowagombanisha si utovu wa adabu, ni uhaba wa sekunde: mmoja anamfikia mwenzake kabla huyo hajajua kuna kinachokuja, na kuanzia hapo wote wawili wanabahatisha.

Chukua baiskeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa. Kila sekunde inameza mita 5.6. Mbele yake kuna mtu anayetembea kuelekea huko huko, naye anapiga mita 1.4 kwa sekunde, kwa hiyo nafasi kati yao inapungua mita 4.2 kila sekunde. Kengele ikipigwa baiskeli ikiwa mita 5 nyuma yake, ana sekunde moja na chembe. Ndani ya sekunde hiyo anasikia mlio, hajui umetoka wapi, anageuza kichwa kutazama nyuma. Kichwa kikigeuka bega hufuata, na bega likifuata, mguu unatua nje ya mstari aliokuwa akiufuata. Akitazama nyuma kwa upande wa kulia, anasogea kulia, na aghalabu baiskeli inapita huko huko. Baadaye mwendesha baiskeli ataapa kwamba yule mtu alijitupa mbele yake. Hakujitupa, mwili wake ulifanya vile mwili wa mtu aliyeshtuliwa unavyofanya.

Kengele hiyo hiyo ikipigwa mita 20 hadi 25 nyuma, mtu anapata sekunde 5 au 6. Zinatosha kusikia, kutazama, kuamua upande, kumshika mtoto mkono na kufupisha kamba ya mbwa. Kwa hiyo swali la kama baiskeli ina kengele ni la kwanza tu. La pili, na zito zaidi, ni inapigwa ukiwa umbali gani. Piga mara moja au mbili, kwa utulivu, kisha punguza mwendo ukisubiri dalili: kichwa kugeuka, mkono kuinuka, watu kusogea. Usipoona dalili yoyote, chukulia kwamba hujasikika. Kupiga kengele mfululizo hakumwongezei mtu muda, humwongezea fadhaa. Ukishakaribia, sauti ya binadamu ndiyo bora: "Samahani, naomba kupita," kisha sema upande unaopita, na ukishapita toa asante. Anayeombwa njia huipisha baiskeli kwa moyo mwepesi kuliko anayefukuzwa na mlio.

Wako wasiosikia kabisa, na kwa nyuma hakuna alama yoyote ya kuwatambulisha. Wako wazee ambao shingo haigeuki kwa haraka. Asiyeona anayetumia fimbo nyeupe huipepesa kulia na kushoto mbele ya hatua zake, na baiskeli ikiipita karibu inaweza kuigonga au kuivunja hata kama mwili haukuguswa. Mtoto mdogo ndiye asiyetabirika kuliko wote. Akiwa upande mmoja wa njia na mzazi yuko upande wa pili, ukipiga kengele atamkimbilia mzazi, yaani atakatiza mbele yako. Ukiona familia imegawanyika hivyo, kengele haitoshi. Shuka mwendo hadi wa kutembea, vidole vikiwa juu ya breki, mpaka wakutane upande mmoja.

Sasa breki. Mwendesha baiskeli aliye macho huhitaji kama sekunde moja tangu aone hatari hadi breki zianze kushika, na muda wote huo baiskeli inaendelea kwa mwendo ule ule. Kwenye lami kavu, kwa breki nzuri zilizobanwa zote mbili, makadirio ya umbali wa kusimama ni haya: kwa kilomita 15 kwa saa, mita 6, kwa 20, kati ya mita 9 na 10, kwa 25, mita 13, kwa 30, mita 17. Baiskeli yenye breki za kubana rimu, mvua ikiwa imeilowesha, yaweza kuhitaji zaidi ya mita 13 kwa mwendo wa kilomita 20 na zaidi ya 25 kwa mwendo wa kilomita 30. Nguvu ya kugonga nayo haiongezeki sambamba na mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, nishati ya mgongano inakuwa mara nne. Ndiyo maana anayetoka 15 kwenda 30 kwenye njia yenye watu anakuwa chombo kingine kabisa.

Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha. Unapofunga breki uzito wako husukumwa mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, na ukilibana peke yake linateleza huku baiskeli ikiendelea kwenda. Wengi huikwepa breki ya mbele kwa hofu ya kurushwa juu ya usukani. Dawa ni kuizoea: mahali patupu, banisha zote mbili kwa kuongeza nguvu taratibu, huku ukirudisha makalio nyuma ya kiti na kukaza mikono. Kabla ya kutoka, vuta mikono ya breki. Ikigusa usukani, waya umelegea au mipira ya breki imekwisha. Ukiona mifereji ya mpira wa breki imefutika, badilisha. Mvua ikinyesha, gusa breki kwa wepesi mapema kabla ya kufika penye watu ili mipira ifute maji kwenye rimu.

Ushauri wa "nenda polepole" una jambo moja ambalo hausemi. Baiskeli ikishuka chini ya kilomita 11 hivi kwa saa huanza kuyumba, kwa sababu mwendo ndio unaoisaidia kusimama wima, na inahitaji upana zaidi wakati ule ule ambapo upana haupo. Anayejikokota kwa kilomita 6 kati ya watu, usukani ukicheza huku na huku, anaweza kumgusa mtu kwa ncha ya usukani. Kwa hiyo nafasi ikiwepo, pita kwa mwendo mdogo ulio thabiti. Isipokuwepo, simama, weka mguu chini, au shuka usukume. Kushuka si kushindwa. Kwa anayesafiri kilomita 5, mita 50 za kusukuma humgharimu kama nusu dakika.

Nafasi hupimwa hivi. Usukani una upana wa sentimita 60 hadi 75, lakini ukijumlisha kuyumba, baiskeli inachukua mita 1. Watu wawili wanaotembea bega kwa bega wanachukua mita 1.2 hadi 1.5. Asiyeona anayeongozwa na mtu au mbwa anahitaji mita 1.2. Kati ya baiskeli na mtu unatakiwa kuacha mita 1, na zaidi kama mwendo ni mkubwa. Jumlisha: watu wawili, nafasi ya kupumua na baiskeli vinafika mita 3.2 hadi 3.5. Njia ya mita 2.5 haiwezi kuvibeba hata kila mmoja akiwa malaika. Mwongozo wa Uingereza wa usanifu wa njia za baiskeli, wa mwaka 2020, unataka angalau mita 3 pale ambapo waenda kwa miguu hawazidi 300 kwa saa na baiskeli hazizidi 300, na mita 4.5 baiskeli zikizidi hapo. Kando ya ukuta au uzio upana unaofaa hupungua zaidi, kwa kuwa hakuna anayetembea wala kuendesha akiugusa ukuta.

Alama nazo zisomwe vizuri, maana magomvi mengi huanzia kwa mtu anayeamini kwamba upande fulani ni wake. Katika nchi nyingi zinazofuata Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani, njia hizi huonyeshwa kwa duara la buluu lenye picha ya baiskeli na ya watu. Ikiwa picha zimetenganishwa kwa mstari uliosimama wima, kila mmoja ana upande wake. Ikiwa mstari umelala, picha moja juu na nyingine chini, njia nzima ni ya wote, na hakuna wa kumwambia mwenzake "toka upande wangu". Ujerumani hutumia alama hizo hizo mbili, na penye mstari uliolala mwendesha baiskeli anapaswa, inapobidi, kulinganisha mwendo wake na wa waenda kwa miguu. Uingereza, tangu mabadiliko ya kanuni za barabarani ya mwaka 2022, imeweka wazi kwamba mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kudhuru ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi. Tunaona ndivyo inavyopaswa kuwa kila mahali: mwendo umeletwa na baiskeli, basi mzigo mkubwa ni wa mwenye baiskeli.

Anayetembea naye ana sehemu yake, ndogo lakini ya maana. Shika upande mmoja na uufuate. Mkiwa wengi, msitande zaidi ya nusu ya upana. Ukitaka kusimama kuongea au kutazama simu, toka hadi ukingoni, na usisimame kwenye kona, mdomo wa njia inayopita chini ya daraja wala chini ya mteremko, kwa sababu hapo anayekuja hakuoni hadi awe juu yako. Kabla ya kubadili upande, tazama nyuma kwanza. Ukisikia kengele, usiruke: endelea na mstari wako, tazama, kisha sogea. Visikizio vikiwa masikioni, acha sikio moja wazi. Kamba ya mbwa inayojivuta yenyewe, ile inayofika mita 5 au zaidi, ni mtego halisi: mbwa upande huu, mwenye mbwa upande ule, na uzi mwembamba usioonekana jioni umekata njia nzima. Kwenye njia ya pamoja ifunge kwa kitufe chake iwe mita moja na nusu.

Usiku, taa ya mbele iinamishwe hadi kitovu cha mwanga kitue ardhini mita 5 hadi 10 mbele. Taa inayomulika usawa wa macho inampofusha anayekuja kwa miguu, naye akipofuka husimama au huyumba. Inayowakawaka humfanya ashindwe kukadiria umbali wako. Tumia mwanga tulivu.

Baiskeli za umeme zinastahili neno lao. Nyingi zina uzito wa kilo 20 hadi 25, na huondoka kwa kasi tangu pedali ya kwanza. Katika Umoja wa Ulaya mota ya baiskeli ya kawaida ya umeme lazima iache kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa, lakini 25 ni kikomo cha mota tu. Penye watu bado ni mwendo mkubwa mno.

Kwa wanaojenga na kusimamia njia: mstari mweupe wa rangi katikati haufanyi kazi mnayoitarajia. Mwendesha baiskeli akiuona anahesabu nusu ya njia kuwa yake na kuongeza mwendo, mwenda kwa miguu hauoni, na asiyeona hawezi kuuhisi. Kutenganisha kwa kweli ni kwa tofauti ya kimo, angalau milimita 60 ili fimbo na mguu viitambue, ukingo ukiwa umechongwa kwa mshazari ili pedali isijigonge. Uingereza huongeza vigae vyenye matuta mwanzoni mwa njia iliyotenganishwa: upande wa miguu yamelazwa kukatiza kama vidato vya ngazi, upande wa baiskeli yanafuata mwelekeo wa safari kama reli. Vizuizi vya chuma vya kupindapinda vinavyowekwa kupunguza mwendo huishia kuwafungia nje wenye viti vya magurudumu na vigari vya watoto. Nguzo zikihitajika, ziachiane mita 1.5. Fedha kidogo iliyopo itumike kwanza kufyeka vichaka vya kwenye kona.

Ajali ikitokea, usimwinue aliyeanguka kwa haraka. Muulize shingo na mgongo vinaumaje. Akisema vinauma, abaki alivyo hadi msaada ufike. Jeraha linalotoka damu libanwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Mzee aliyeanguka na kushindwa kusimama, mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, huenda amevunjika nyonga. Aliyegonga kichwa aangaliwe kwa siku mbili: kutapika, usingizi usio wa kawaida, maumivu ya kichwa yanayozidi au kuchanganyikiwa ni sababu ya kwenda hospitali mara moja, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aende hata kama anajisikia vizuri.

Kisha toeni taarifa, hata kama mlinusurika tu. Ajali zisizohusisha gari mara nyingi haziandikwi popote, na mahali pasipoandikwa hapatengenezwi. Taja sehemu kamili, saa, kila mmoja alikuwa akielekea wapi, hali ya njia na kilichozuia kuonana: kichaka, gari lililoegeshwa, taa iliyozimika.