Elektroforesisi ya karatasi: maana yake na namna inavyofanya kazi

Elektroforesisi ya karatasi ni njia ya kutenganisha protini kwa kuzivuta kwa umeme juu ya ukanda wa karatasi ya kuchujia uliolowanishwa kwa bafa, yaani mmumunyo unaozuia kiwango cha asidi kisibadilike. Kila ncha ya ukanda huzamishwa katika chombo cha bafa chenye elektrodi, yaani kipande cha kupitishia umeme, tone dogo la sampuli huwekwa upande wa elektrodi hasi, kisha umeme hupitishwa kwa saa kadhaa, pengine usiku kucha.

Jina lisimpotoshe msomaji, kwani karatasi yenyewe haichagui protini. Kazi yake ni kutuliza kimiminika, ili protini zilizokwisha kuachana zisichanganyike tena. Kinachozitenganisha ni chaji: katika bafa yenye pH (kipimo cha asidi) ya 8.6 protini nyingi za damu huwa na chaji hasi, hivyo huelekea elektrodi chanya, na kati ya zile zenye ukubwa unaolingana, iliyo na chaji nyingi zaidi hutangulia.

Mfano ulio wazi ni ugonjwa wa selimundu. Mwaka 1949 mwanakemia wa Marekani Linus Pauling na wenzake walionyesha, kwa mtambo mkubwa na ghali, kwamba hemoglobini, protini nyekundu ya damu, ya wagonjwa husafiri tofauti na ya kawaida. Baadaye ilibainika kwamba katika hemoglobini ya wagonjwa asidi ya glutamiki, kijenzi cha protini chenye chaji hasi, imebadilishwa na valini, kijenzi kisicho na chaji. Tofauti hiyo ndogo huonekana hata kwenye karatasi: hemoglobini S (ya selimundu) hubaki nyuma ya hemoglobini A (ya kawaida), na mtu aliyerithi zote mbili huonyesha mistari miwili. Kwa kuwa hemoglobini ina wekundu wake, mistari huonekana hata kabla ya kutiwa rangi.

Kifaa chaweza kuundwa kwa sanduku la plastiki na nyaya chache. Kisichofaa kubahatishwa ni chanzo cha umeme, kwani volti 200 kando ya maji ya chumvi zaweza kuua. Kifuniko kinapoinuliwa, umeme sharti ukatike. Volti zikizidi, karatasi hupata joto, hukauka, na mistari hupinda.

Njia hii ina upungufu pia: hemoglobini D, aina nyingine ya hemoglobini, husimama palepale iliposimama S, kwa hiyo mstari ulio mahali pa S huhitaji kuthibitishwa kwa kipimo kingine kabla mgonjwa hajaambiwa lolote.